Kikombe cha Papa Gustave

Jumatatu, 4 Novemba

Leo ameingia mgeni! Mrefu, mwembamba, koti jeusi la zamani, na mwavuli mkubwa kama hema. Na mvua haikuwepo! Jua pia hapana — mawingu tu juu ya Mubi nzima. Amekaa meza ya pembeni karibu na kuni, ile ambayo hakuna anayeitaka kwa sababu ya giza.

Ameagiza chai. Nimeonja kijiko kimoja mbele yake, ndiyo sheria yetu hapa. Mama Astrid hataki mtu aseme amelishwa sumu kwenye resto yake, kwa hiyo kila kikombe kinaonjwa kwanza mbele ya macho ya mgeni. Wengine wanageuza uso kwa aibu. Huyu amenitazama mpaka nimemeza, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Kisha akagusisha midomo tu, akalipa, akaenda. Chai imebaki yote!

Nimekwenda kuondoa kikombe. Na — kimya! Hakuna kitu!

Wewe kaye yangu, daftari langu, unajua, wewe peke yako. Nikishika kikombe kilichoguswa na midomo ya mtu, nasikia mahali anapoumwa, mwilini mwangu mimi. Prince wa pikipiki: goti la kulia. Mama Astrid: chini ya mbavu, kushoto, na hasemi. Kufika jioni nimechoka kwa magonjwa ya watu. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. Kosa lake lilikuwa kusema. Kijijini kwetu Ngungu wote wakamfungia milango, mwisho wakamfukuza na mkeka wake. Mimi sisemi.

Lakini huyu mtu hana maumivu hata kidogo. Nimeshika kikombe chake muda mrefu hadi Céline, mpishi wetu, akaniuliza kama nimeota mizizi.

Ijumaa, 8 Novemba

Amerudi! Anaitwa Papa Gustave. Na nimemwambia. NIMEMWAMBIA!

Ni yeye aliyeanza. Resto ilikuwa tupu, Céline yuko sokoni. Akasema polepole:

“Dada, unabebaka vikombe ya batu kama mutu mwenye kubeba mutoto mugonjwa. Juu ya nini, sababu gani?”

Miaka mitatu nafanya kazi hapa, hakuna aliyewahi kuona hilo. Nikakaa. Nikasema yote, hata habari ya bibi. Hakucheka. Nikamuuliza mbona kikombe chake kiko kimya.

“Mie niliacha kuumwa zamani,” akasema. “Kiu tu njo ilibakia.”

Kiu ya nini? Ya damu! Akaitaja vile mtu anavyotaja chumvi. Na yeye ni wa kwetu, Ngungu! Alikuwa kijana wakati barabara ya huku haijakatwa bado. Wachungaji walimjua. Walimtobolea ng’ombe mshipa wa shingo kwa mshale mdogo, wakakinga kibuyu kimoja, wakaziba tundu, ng’ombe akarudi kula majani. Hakuna aliyekufa, si ng’ombe si mtu. Sasa ng’ombe wameibwa, wachungaji wametawanyika, naye akashuka huku msituni kwa sababu ya kivuli cha miti. Jua linamchoma kama mafuta ya kukaangia.

Nilipaswa kukimbia. Badala yake nikamuuliza kama alimjua bibi yangu! Alimjua. Aliwahi kumwona akicheza ngoma kwenye arusi. Anasema bibi alicheza vibaya sana. Nimecheka hadi machozi.

Nina rafiki. Rafiki! Mnyonya damu, sawa, lakini rafiki.

Jumamosi, 9 Novemba

Anadhoofika. Anasema ni siku arobaini sasa bila damu. Ameshika meza kwa mikono miwili ndipo akaweza kukaa. Nikamuuliza kama ananitazama mimi shingoni. Akakasirika kweli kweli: “Mie siko mwizi!” Nimeomba msamaha. Kesho nitafanya kitu.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya ibada nimepita kwa Esdras anayechinja mbuzi. Nimemwambia nataka damu ya kupika. Amejaza bakuli, hakuuliza neno.

Resto siku ya Jumapili ni tupu. Nimemimina kwenye kikombe, nimemwekea Papa Gustave. Macho yake! Siku arobaini na moja! Na unajua amefanya nini? Amekunja mikono.

“Haujaonja.”

“Papa, hii ni damu!”

“Hata kama. Kwetu mutu hanywaka kitu chenye hakijaonjwa. Weye uko mutoto wa Ngungu ao hapana?”

Mnyonya damu anaogopa kupewa sumu! Nimecheka, nimekasirika, nikachukua kijiko, nikaonja. Chumvi na chuma. Ndipo akanywa. Uso wake ukajaa, kweli kama mmea uliomwagiwa maji, na mimi nikafurahi kama nimemzaa.

Nimegeuka — Céline mlangoni, amefuata kanga yake aliyoisahau. Hakumwona Papa Gustave kule gizani. Ameniona mimi, kijiko mkononi, midomo myekundu. Amekimbia bila kanga.

Jumatatu, 11 Novemba

Habari ya damu imeenea: hakuna aliyepokea kikombe kutoka mkononi mwangu leo. Hata Prince. Amesema hana kiu, na vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

Mama Astrid amelia. Amesema Jumatano chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, Papa Jean-de-Dieu, atasikiliza neno hili la uchawi hapa uani, saa sita. Nikishindwa, niondoke Mubi. Kama bibi. Naona ule mkeka.

Mvua kubwa jioni. Papa Gustave amenikuta njiani nimelowa, amenipa mwavuli wake. Anasema atakuja kunisemea. Saa sita ya mchana? Akasema, “Mawingu iko.” Ni kweli, wiki nzima hatujaona jua.

Jumatano, 13 Novemba

Naandika jikoni, haraka. Nje wamejaa.

Jua limetoka! Jua kali la kuanika mihogo! Na mwavuli wake uko hapa, nyuma ya mlango. Nilisahau kuurudisha!

Chef amekaa, ameuliza nani atakunywa kutoka mkononi mwangu. Mama Astrid anatazama miguu yake. Mara watu wakapisha njia katikati — Papa Gustave, kichwa wazi, anatembea kwenye jua kama mtu anayekwenda kwake. Akasema kwa sauti:

“Ile damu ilikuwa yangu. Mie njo nilimuomba, niko mugonjwa wa kuishiwa na damu. Yeye alionja sababu mie nilikataa kunywa bila kuonjewa. Hiyo njo heshima. Dada, leta chai.”

Nikaleta. Nikaonja. Akanywa yote, hadi majani! Watu wakaguna. Nilidhani imekwisha.

Lakini Papa Jean-de-Dieu si mjinga. Akasema, “Muzuri. Tungoje saa moja. Akibakia muzima, mutoto anarudia kazi yake. Akianguka, tutajua mukono ya huyu mutoto iko na nini.” Wakamwekea Papa Gustave kiti palepale juani, katikati ya ua. Mimi nikaambiwa niondoe kikombe, niingie ndani.

Nimekishika kikombe. Si kimya tena. Moto! Mabega, shingo, ngozi ya kichwa, vidole vyote. Nimeuma kanga nisipige kelele. Yeye aliyeacha kuumwa zamani — anaumwa, na amekaa wima, na anawatabasamia.

Nusu saa imebaki. Hataimaliza, najua, mwili wangu unajua. Akinyanyuka kukimbia jua, watasema ni sumu ya chai yangu. Akianguka, watasema chai. Nikinyamaza huku jikoni, labda atavumilia, nami nibaki Mubi na kazi yangu na siri yangu. Labda.

Nikitoka na mwavuli, chef ataniuliza nimejuaje kwamba mtu anayetabasamu anaungua. Na nitajibu. Hakuna jibu lingine.

Bibi alisema, wakamfukuza. Lakini bibi alikuwa peke yake.

Céline amesimama mlangoni, ananiona naandika, ananiona nalia. Ameangalia mkono wangu na kikombe. Ameuliza polepole, “Anaumwa wapi?”

Amejua! Tangu lini? Hajakimbia. Ameuchukua mwavuli nyuma ya mlango, ananyoosha mkono, ananipa. Natoka sasa.