Mzee wa Kanisa na Tumbo la Rael

Jumapili, kambi ya mkonge, Voi, 1974

Bado nimekasirika, hata ugali umenishinda.

Leo mzee wa kanisa amehubiri kwamba anayetoa mimba ameua mtu. Ni kweli, hata mimi naamini hivyo. Lakini huyo mzee ndiye nyapara wetu, na asubuhi tukijipanga kuitwa majina huwakagua wanawake matumbo. Mwenye mimba hufukuzwa kazi hapo hapo.

Rael, jirani yangu anayeanika nyuzi za mkonge, hujibana tumbo kwa leso asijulikane kuwa ana mimba. Juzi aliniambia ameanza kuulizia dawa ya kuitoa.

Baada ya ibada nikamwendea yule mzee. "Mzee, kama aliye tumboni ni mtu, mbona unamfukuza pamoja na mama yake?"

Akacheka. "Wewe mkata mkonge, umekuwa pasta lini? Kanisa ni kanisa, kazi ni kazi."

Rael alikuwa karibu, akasikia.

Nimemwambia nitamgawia unga wangu mpaka ajifungue. Aliingia ndani akafunga mlango.

Mungu, fanya Rael aniamini mimi kuliko yule mzee.