Mkanda Niliokausha Jikoni

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tena. Mume wangu Njoroge ameondoka alfajiri na kikosi cha mzee Langat. Wanaenda Olenguruone kukata mikaratusi iliyoegemea nyumba za watu. Wiki mbili, labda zaidi. Mkanda mpya niliomshonea ameubeba begani, hakuutia kwenye mkoba. Anataka wenzake wauone. Mimi pia nataka wauone, nisijidanganye.

Ni mkanda mpana wa kiuno, ngozi nene ya ng'ombe niliyonunua Nakuru mjini, pete mbili za chuma ubavuni. Kamba inatoka pete hii, inazunguka mti, inarudi pete ile. Mpandaji anaegemea nyuma na mikono inabaki huru kushika msumeno. Mgongoni nimempigia chapa ya jina lake, NJOROGE, herufi kubwa, wanaobaki chini walisome. Mkanda wake wa zamani umebaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Umechoka, umekunjamana kama uso wa nyanya yangu.

Nilipotoka kazini, duka la agrovet la dawa za mifugo, nimekaa kushona ndala za Mama Brayo, jirani. Uma wa jikoni, ule niliokunja meno, bado unashinda kifaa chochote cha dukani. Naukandamiza kwenye ngozi na mashimo yanatoka yakilingana. Uzi nimeupitisha kwenye mshumaa mara mbili, sasa haufumuki. Sindano mbili, uzi mmoja, kila shimo linapitiwa kutoka pande zote mbili. Upande mmoja ukikatika mwingine unashika. Vidole vinauma vizuri.

Binti yetu Shiku yuko shule ya bweni, nyumba ni kimya. Nimepika chai ya watu wawili kwa mazoea.

Jumanne, 6 Mei

Ndala zimeisha. Kingo nimezilowesha kidogo nikazisugua kwa kipande cha mti mpaka zikang'aa. Mama Brayo ameleta viazi na maneno matamu.

Njoroge amepiga simu jioni, sauti inakatikakatika. Leo walikuwa wanafyeka chini tu. Kesho wanaanza kupanda. Wenzake wameusifu mkanda. Mmoja anataka wake uwe na jina pia.

Nimefurahi kama mtoto.

Jumatano, 7 Mei

Nitaandika tu, mwandiko ukae unavyotaka.

Nilitaka kutengeneza kishikio cha funguo. Nimechukua kipande kilichobaki kwenye ngozi ya mkanda, kile nilichofanyia mazoezi ya herufi. Nimekikunja kidogo, kukilainisha. Kimelia. Kimepasuka katikati ya R na O kama biskuti.

Nimechukua kipande kingine cha ngozi hiyohiyo, kisicho na herufi. Nimekikunja, nimekivuta, nimekikanyaga. Hakina neno. Kwa hiyo ngozi haina kosa. Kosa ni langu.

Ngozi kavu haikubali chapa. Unailowesha kwanza, unapiga herufi, halafu unaiacha kivulini ikauke kwa wakati wake, hata ikitaka wiki. Najua. Nimefundishwa. Lakini ilikuwa Jumamosi, mvua haikati, safari ni Jumatatu, na mimi nilitaka aondoke nao. Nikautundika juu ya jiko la makaa. Na hicho kipande kando yake.

Ngozi yenye maji ikipata moto hairudi kuwa ngozi. Inaiva. Jumapili niliuona umekakamaa kidogo pale mgongoni, nikaupaka mafuta, nikaupaka tena, mpaka ukalainika juu na kung'aa. Nikasema basi, umekubali. Nilijidanganya na mafuta.

Palipolowa ni pale penye jina tu. Ndipo palipoiva. Ndipo uzito wote wa Njoroge unapoegemea.

Leo ndiyo siku ya kupanda. Nimepiga simu mpaka ya kwangu ikawa moto sikioni. Haipatikani. Ya mzee Langat haipatikani. Naogopa. Naogopa sana.

Alhamisi, 8 Mei

Sikulala. Nimeenda kwa Baba Otis, fundi wa viatu kule karibu na mashine za mbao. Yeye ndiye aliyenionyesha kushika sindano. Nilitaka aniambie nimekosea, kwamba nina wasiwasi wa bure.

Amekishika kile kipande, akakinusa, akakikunja kikavunjika tena.

"Mathe, hii si ngozi tena. Hii ni nyama choma."

Waliokuwa wakingoja viatu wakacheka. Akaniuliza nimefunga nini nayo. Nikasema mbwa.

"Mbwa atatoroka tu. Tafuta ingine."

Mficha uchi hazai, najua. Lakini ningesemaje pale mbele za watu kwamba nimemfunga mume wangu? Nimeshukuru nikaondoka. Nimetapika nyuma ya ghala la mbao.

Mchana simu ya mzee Langat imeita. Imeita mpaka mwisho bila kushikwa, halafu ikazimika kabisa. Nimetuma ujumbe: Njoroge asitumie mkanda mpya, tafadhali. Hakuna jibu. Nimempa pia maneno hayo dereva wa lori la viazi anayekwenda Olenguruone.

"Niseme imetoka kwa nani?"

"Sema ni bibi yake."

"Sawa mathe," akasema, akiendelea kutafuna mahindi. Sina imani naye hata kidogo.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeomba mvua. Wakulima wote wa hapa Elburgon wanaomba ikatike, mahindi yanaoza, na mimi nimepiga magoti stoo ya agrovet katikati ya magunia ya chakula cha kuku nikiomba inyeshe. Mvua ikinyesha hawapandi, mti unateleza.

Jua limewaka siku nzima. Jua zuri, la kuanika.

Kila simu ikilia dukani naangusha nilichoshika. Mteja mmoja ameitisha dawa ya kupe nikampa ya minyoo. Tajiri wangu wa dukani ameniuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo. Amenipa ruhusa ya kesho.

Najaribu kutomuona akianguka. Namuona. Namuona kutoka chini, kama wenzake, jina likija kwangu likiongezeka ukubwa.

Kipande cha herufi nimekitia motoni. Kimenuka nywele zilizoungua. Sijapata nafuu yoyote.

Jumamosi, 10 Mei

Olenguruone. Nimekaa kwenye kreti nje ya duka, nangoja mwenye boda anayejua mahali kikosi kilipo. Mkanda wa zamani uko kwenye kiondo, nimeutoa msumarini asubuhi. Daftari limo pia. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga mayowe.

Nimemuuliza mama anayeuza viazi kama anawajua wakata miti.

"Wale wa mzee Langat? Si mmoja wao alianguka Jumatano."

Hajui jina. Mwenzake wa kabeji amesema alivunjika mgongo. Kijana wa duka la simu amesema hapana, ni shingo, na walimbeba kwa pikapu. Kila mmoja amesikia kwa mwingine. Nimeuliza, mkanda ulikatika? Mama wa viazi ameniangalia vibaya.

"Sasa wewe ulijuaje?"

Boda amekuja.

Jumapili, 11 Mei

Nyumbani. Nimepitwa na ibada. Nitaandika ya jana pole pole.

Boda aliniacha kwenye lango la shamba moja mbali na barabara. Nilisikia msumeno wa petroli kabla ya kuona kitu. Nikatembea kwenye matope nikiufuata. Nikainua macho. Juu kabisa ya mkaratusi, mtu mwenye sweta nyekundu. Sweta niliyoifuma mimi.

Hakuwa na mkanda. Alikuwa amejifunga kamba kiunoni na mapajani, kamba tupu, kama watu wa zamani.

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye maji. Mzee Langat akaja mbio.

"Mama Shiku? Kuna nini nyumbani?"

Nilitoa mkanda wa zamani kwenye kiondo nikamnyooshea. Aliutazama, akanitazama, akaanza kucheka mpaka akavua kofia.

"Kumbe hii maneno ilifika mpaka Elburgon!"

Akanieleza. Njoroge hapandi na kitu kipya kabla hajakijaribu chini. Hata kamba mpya, hata viatu. Anajifunga kwenye mti, anainuka mpaka miguu inaacha ardhi kidogo tu, usawa wa goti, halafu anajiachilia na uzito wake wote. Jumatano asubuhi alifanya hivyo, mbele ya kikosi kizima kilichokuja kutazama mkanda wenye jina. Ukakatika hapo hapo. Aliketi kwenye matope kwa makalio. Walicheka hadi wakasahau chai. Mmoja akaenda kuhadithia dukani, na kufikia siku ya soko Njoroge alikuwa amevunjika shingo.

Nimeishi naye miaka yote hii, sikujua kwamba hujaribu vitu chini. Hakuwahi kusema. Sikuwahi kuuliza.

Alishuka. Alinuka petroli na utomvu.

"Nani alikuambia umekatika?"

"Hakuna. Niliona mwenyewe kwenye kipande kilichobaki."

Nikamwambia yote. Herufi, maji, jiko, mafuta. Sikupunguza kitu. Alikuwa akibandua utomvu kwenye kiganja. Nilingoja anikemee. Nilitaka anikemee.

"Mimi nilikuwa nije niseme mkanda umeibwa," akasema. "Sikutaka ujue."

Ndipo nikalia. Na hasira pia nilikuwa nazo, sijui kwa nani. Kwa simu yake iliyoisha chaji tangu Jumanne. Kwa yule dereva wa viazi ambaye hakufikisha hata neno. Kwa jina lile nililotaka watu walisome.

Kipande chenye NJOR kilikuwa pale pale kando ya vyombo vyao. Mpishi wao alikuwa anakikalia.

Jumatano, 21 Mei

Amerudi salama, mkanda wa zamani kiunoni. Ameoga, amekula, amelala.

Jioni amesema anataka mwingine. Nimekataa. Nimemwambia anunue wa nailoni mjini, wa kiwandani. Anasema atanunua, lakini anataka na wangu. Nimemwambia mikono yangu inaogopa.

"Basi iutengeneze ikiwa inaogopa," amesema. "Mara ya kwanza haikuogopa kitu."

Nimetoka nje kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumamosi, 31 Mei

Mkanda mwingine uliisha jana. Hauna herufi. Haujaguswa na maji hata tone. Ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, mishono mbali na ukingo, mashimo ya uma, uzi wa nta. Mafuta kidogo tu, kwa kitambaa, na kabla ya mafuta nimeukunja kila mahali sikio likiwa karibu. Mafuta yameingia kivulini, nyuma ya mlango, kwenye msumari wa ule wa zamani. Jiko nimelihamishia nje siku zote hizo. Njoroge amelalamikia baridi.

Leo asubuhi nimeufunga kiunoni mwangu. Nimezungusha kamba kwenye mti wa langoni, nikainuka mpaka miguu ikaacha ardhi, usawa wa goti. Njoroge alikuwa mlangoni na kikombe.

Niliegemea. Mikono ilikataa kuachia gome. Niliogopa kama siku ile kwenye kreti. Nikaachia mmoja. Nikaachia wa pili.

Ngozi ililia kidogo ikinyooka, kisha ikatulia. Nikabaki pale, miguu hewani, nikitazama matawi na maji yanayodondoka kutoka kwenye majani. Hakuna aliyecheka.

Baadaye Njoroge akasema chai inapoa. Nikashuka, nikamvalisha.