Mutalii wa Kwanza wa Mama Ngoie

Yaya Kapinga,

Salamu toka Kolwezi! Mudogo wako amenenepa, na jina langu banalijua mpaka kule migodini Mutoshi.

Unamukumbuka Mama Ngoie, ule jirani yetu wa Likasi? Amejenga bibanda bya nyasi pembeni ya ziwa Nzilo, apikie batalii, na mi namusaidia. Mwezi muzima hakuna aliyekuja. Leo akafika wa kwanza, mama mumoja wa Ubelgiji. Mama Ngoie akapanguza sahani moja mara tatu.

Basi mugeni akaokota jiwe la kijani, akaliinua kwenye jua. Yaya, kosa hilo! Huku anayeinua jiwe hivyo ni munuzi wa madini. Bachimbaji kumi bakatoka mu majani na mifuko kichwani: "Madame, angalia yangu! Iko na kobalti mingi!" Mugeni akakimbilia begi yake.

"Tshibangu, anaenda!" Mama Ngoie akanishika mukono. "Fanya kitu!"

Mi, muntu wa safari nyingi, nikapanda juu ya kiti. "Wacheni! Hanunui. Amekuja kuangalia maji tu!"

Muchimbaji mumoja akauliza, "Maji tu? Nani anamulipa?"

Nikamutafsiria mugeni swali hilo kwa Kifaransa, akacheka, akakaa. Nao bakashusha mifuko, bakageukia ziwa banalopita kila siku. "Kumbe iko muzuri," mumoja akasema, akaagiza bukari ya unga wa muhindi na samaki. Benzake bakafuata. Sasa bibanda bimejaa, Mama Ngoie anakaanga huku anaimba.

Kuja, Yaya, na batoto bote, nimebakumbuka sana. Nimekuwekea kiti kinachoangalia maji. Jiwe tu usiokote.

Mudogo wako,
Tshibangu