Bamba la Terazo Lililokataa Mlango

Gede, Septemba 1986

Mpendwa mshauri wetu Bi Nyevu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi marahaba, nakuomba unishike mkono kabla sijafanya jambo, kwa sababu mimi Farjallah wa Gede, na jina langu lisome lote redioni sijifichi, nimetengeneza kitu ambacho kutoka Kilifi hadi Mambrui hakijapata kuonekana, na sasa kitu hicho hicho kimeniweka pabaya.

Dada yangu Mwanamina ni mjane na anamwoza binti yake Radhia mfungo sita, baada ya maulidi inshallah, na wakwe wanatoka Lamu, watu wa kuangalia sana. Mimi ndiye mjomba, na mjomba haendi arusini mikono mitupu, nikasema jiko la dada yangu nalifanya upya, msimamizi mimi mwenyewe, maana ujenzi naujua, ujanani niliwahi kushika ukuta uliokuwa ukianguka kule Mombasa, nikauzuia kwa mgongo tangu adhuhuri mpaka alasiri, fundi amekwenda kula, na ukuta ule umesimama hadi leo, nenda kaulize.

Basi nikaanza kwa kuvunja jiko la zamani lote, mafiga, rafu, kila kitu, halafu ile meza ndefu ya kujengea ukutani, ya kukatia vitu na kusukumia mahamri, ambayo mahotelini huiita kaunta, kazi hiyo nikamkatia kwa mapatano fundi aitwaye Ochola, mtu wa terazo, ile saruji ya kokoto za marumaru inayosuguliwa ikang'aa, ndiye aliyesugua sakafu za hoteli moja ya Watamu mpaka wageni wakawa wanapandisha suruali wakidhani ni maji.

Ochola akaniambia, "Mzee, meza kama hii mimi huimwaga palepale ukutani, ama naifanya vipande vitatu tunaviunga ndani."

Nikamwambia, "Ochola, ukiimwaga ndani ataiona nani, paka? Vipande ni vya watu wa vipande. Iwe moja, na uimwage hapa nje, kando ya barabara, watu wajue kuna kazi."

Akanitazama, akasema, "Haya mzee, wewe ndiye mwenye kazi."

Bi Nyevu, ungeliona bamba lile! Kokoto za marumaru nyeupe, nyekundu, na nyeusi kama macho ya samaki, limesuguliwa mpaka jogoo wa jirani amepigana na sura yake humo akazimia, na dereva wa basi la Mombasa, wallahi, alisimamisha gari akashuka na wembe, akajinyoa ndevu mbele ya bamba langu, abiria wamengoja wala hakuna aliyenung'unika, nao walikuwa wanatazama.

Sasa siku ya kuliingiza, dada yuko kwa jirani kwenye hitima, nikakusanya vijana wanane wenye vifua, tukasema bismillahi tukalinyanyua, ncha ikaingia mlangoni vizuri, likafika pale ukumbi unapopinda kwenda jikoni likakataa. Tukalisimamisha, likagonga dari. Tukalilaza, likagonga ukuta. Dirisha la jikoni nalo ni la kupitisha sufuria tu. Vijana wakaanza kucheka, mmoja wao, Nzai, akasema, "Mjomba, tulinyime chakula siku mbili tatu, litapungua," nikawafokea, tukalirudisha nje juu ya matofali yake.

Ochola nimemwuliza, ananijibu bila hata kuacha kutafuna muhogo wake, "Mzee, mimi nilipewa kutengeneza. Kuingiza hatukusema." Anasema njia ni mbili, nilikate bamba au nivunje ukuta wa jikoni upande wa nyuma.

Kulikata siwezi, Gede nzima imekwisha liona zima, nitapita wapi? Na ukuta ule ndio balaa, aliujenga marehemu shemeji yangu Hamad kwa mikono yake, mawe ya matumbawe, chokaa ameichoma mwenyewe, na dada aliniambia kabla sijashika hata nyundo, "Kaka, fanya utakavyo, lakini ukuta wa Hamad usiuguse. Ukiugusa, usinijie tena." Na Mwanamina hasemi neno mara mbili.

Yeye hajui lolote mpaka leo. Nimemwambia terazo ikiwa changa haingizwi ndani, lazima ipigwe jua iive, na kila asubuhi anatoka na kanga yake begani, ananiuliza, "Kaka, bamba lako limeiva?" Namwambia, "Bado upande mmoja."

Na kuna jambo jingine la kuniudhi, tangu jiko livunjwe yeye hupikia huko nje, amelifanya bamba langu meza yake, kila alasiri anasukumia mahamri juu yake, majirani wanakuja na samaki wao kuwapaa hapo hapo, vicheko, redio wameitegesha katikati wakisikiliza hiki kipindi chako, unga na magamba juu ya terazo! Nikiwafukuza dada anasema, "Hebu tuache bwana, hapa kuna upepo. Miaka yote humo ndani nimelia moshi."

Swali langu ni hili. Alhamisi ya mwisho wa mwezi dada na Radhia wanakwenda Mombasa kutafuta nguo za arusi na watalala huko. Nyundo kubwa nimekwisha iazima, vijana wako tayari. Je, niuvunje ukuta upesi, bamba lipite, niujenge tena na kuupaka chokaa kabla hajarudi, asijue? Mimi naona inawezekana, niliwahi kujenga kubwa kuliko hiyo, ila moyo kidogo unasita, na dada ninaye huyu mmoja tu.

Ni mimi msimamizi,
Farjallah

JIBU LA BI NYEVU

Marahaba Farjallah, maana nimekuzidi. Nyundo ya watu irudishe leo.

Ukuta wa Hamad hauvunjwi, wala kwa siri wala kwa ngoma. Ukiuvunja ukaujenga tena, huo utakuwa ukuta wa Farjallah, na mwanamke aliyeuegemea miaka yote ataujua kwa kiganja kabla hajautazama. Utakuwa umempa bamba na kumnyang'anya mume mara ya pili. Ndipo moyo wako unaposita, na hapo moyo wako una akili kukushinda.

Na Ochola usimsingizie. Alikwambia amwage palepale ukutani, ukakataa. Alikwambia vipande, ukamtukania vipande. Mtu unayemkatia kazi husemezana naye tangu mwanzo nani atengeneze, nani abebe, nani aweke. Wewe ulichopanga ni nani aone. Msimamizi gani, baba, asiyepima mlango?

Haya, nimekwisha kukukemea. Hukufanya kwa ubaya, najua. Mjomba anayemfurahia mpwawe namna hii ni baraka nyumbani, na kwa unavyolisimulia bamba hilo hata mimi natamani kuja kujitazama, ingawa ndevu sina.

Sasa sikiliza. Barua yako ndefu hii, jibu limo ndani yake na umeliandika kama kero. Dada yako amesema, "Hapa kuna upepo. Miaka yote humo ndani nimelia moshi." Wewe ulisikia unga na magamba. Mwanamke huyo hangoji kaunta iingie jikoni. Yeye jiko lake amekwisha kulihamisha, anakungojea wewe na paa.

Kwa hivyo mwulize kwanza, kwa adabu, kama ndivyo atakavyo. Akikubali, mwite Ochola, mwombe radhi, msemezane kazi yote mpaka tofali la mwisho. Simika nguzo nyuma ya nyumba, upande wa nje wa ukuta ule ule, uezeke makuti. Vijana wako wanane walizungushe bamba kwa nje, huko hakuna kona. Liwekwe kwa kimo cha kiuno cha Mwanamina, si chako. Ukuta wa Hamad utakuwa mgongo wa jiko jipya bila kutoka hata jiwe moja, na kile chumba cha ndani kitawekwa unga na nazi za arusi. Barabarani bamba halitaonekana tena. Utavumilia. Atakayetaka kuliona atakaribishwa chai.

Nilitaka kukushauri uchague saa njema ya kumweleza dada yako. Lakini umetaka jina lako lisomwe lote, nami nimelisoma, na umeandika mwenyewe kwamba kila alasiri redio iko katikati ya bamba. Ndiyo saa hii, Farjallah.

Mwanamina, mwanangu, najua unanisikia. Pangusa unga mikononi, na huo mti wa kusukumia uweke chini. Kaka yako anakupenda, ila maneno yake ni mapana kuliko milango.

Nawe Farjallah, popote ulipo usikimbie. Nenda sasa hivi, piga hodi hata kama ni nje. Akikuuliza kama bamba limeiva, mwambie liliiva siku nyingi, aliyekuwa mbichi ni wewe.