Kipimo cha Nani?

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Wifi naye hajambo? Wanangu wanakula vizuri, au wanachaguachagua chakula kama baba yao? Ningependa kukuandikia kwamba sisi sote ni wazima, lakini nitakuwa nakudanganya.

Ni Baba. Figo zake zimekufa, na moyo wake hauna nguvu ya kuhimili mashine ya kusafisha damu. Kaa kwanza, kisha usome polepole.

Unakumbuka nilivyokupigia simu nikishangilia majibu yake? Kila alipopimwa damu pale zahanati, karatasi ilirudi na namba, na pembeni neno moja tu: kawaida. Mama akambandika jina, Bwana Kawaida, tukacheka. Huku miguu inavimba na chakula hakipiti.

Tulipomfikisha hospitali kubwa, daktari wa maabara aliyaweka majibu yote pamoja, akaandika maelezo chini yake: "Namba za awali zilikuwa ndani ya kiwango, lakini zilipanda kila mara. Kwa mzee aliyekonda hivi, figo zilikuwa zinashindwa tangu hapo." Basi, hayo tu. Hasira zilinipanda, nikalia palepale kwenye korido mbele za watu. Maneno hayo yangeandikwa mapema, tungewahi.

Baba aliomba nimsomee tena. Cherehani ameiacha, lakini ufundi haujamtoka.

"Huyu sasa ndiye fundi," alisema. "Wale walikuwa wanataja inchi tu, hawaulizi suruali ni ya nani."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilishindwa hata kutabasamu.

Usihangaike kutuma dawa, wala kutafuta daktari mwingine huko. Nimeuliza kila mahali, nimechoka kuuliza. Daktari wake anazungumzia wiki, si miezi.

Mama anakusalimu, ingawa siku hizi haongei sana. Anakaa tu kando ya kitanda akimkanda miguu. Mjomba naye anakusalimu, anakuombea. Mungu akufungulie njia, akulinde safarini.

Baba alitaka niandike na salamu zake. Nimekataa. Njoo uzipokee kinywani mwake, maadamu bado anaweza kuzitoa.

Akupendaye,
Dada yako