Mzizi na Tamati

Jumapili, 2 Machi

Mvua asubuhi, kisha jua la uongo. Nimefua, nimeanika, nimeanua, nimeanika tena.

Dada kapiga simu, kama kila Jumapili. Kauliza nimekula nini, na kama bado nasomea ile kodi. Nikamwambia si kodi, ni koding — kuweka misimbo. Kila ugonjwa una herufi na namba zake. Sisi wa masjala tunasoma faili la mgonjwa, tunaandika msimbo unaostahili, ili hospitali zote ziongee lugha moja. Akasema: haya, ukihitimu utupunguzie kodi ya nyumba. Akacheka mwenyewe. Nikacheka na mimi, kumsindikiza tu.

Alipokata simu, chumba kikawa kimya kuliko kilivyokuwa kabla hajapiga. Huwa hivyo kila Jumapili.

Somo la leo: viambishi. Mkufunzi hatujawahi kumwona uso, ni sauti na picha za maandishi kwenye skrini. Anasema neno la kitabibu limejengwa kama neno la Kiswahili: kiambishi awali, mzizi, kiambishi tamati. Ukiyajua mafundo yake, urefu wake haukutishi.

Jumanne, 4 Machi

Mkufunzi katupanga wawiliwawili, tusomeshane. Mwenzangu ni mwanamke wa masjala ya hospitali nyingine, mbali — safari ya kulala njiani. Kwenye kikundi hakuna anayetumia jina lake. Mimi ni Mzizi, kwa kuwa niliwahi kujibu swali la mizizi kabla ya wengine. Yeye ni Tamati, kwa kuwa miisho ya maneno humponyoka.

Leo imemponyoka tena. Mgonjwa wa mfano alitobolewa tundu tumboni ili alishwe kwa mpira. Hiyo ni gastrostomia. Tamati akaandika gastrektomia. Mkufunzi akamwambia: dada, huyu alihitaji tundu la kupitishia uji, wewe umemwondolea tumbo zima. Watu wakacheka. Tamati naye akatuma ujumbe wa sauti: basi mpeni pole, na kesho msimhesabie kwenye chai.

Nimeusikiliza ujumbe ule zaidi ya mara moja. Nyuma ya sauti yake vyombo vinagongana na mtoto anaitwa aje aoge. Anaongea kama mtu asiyewahi kukaa chini.

Jumamosi, 8 Machi

Tumesoma pamoja asubuhi yote, kwa maandishi na sauti. Mimi namuuliza miisho, yeye ananiuliza sura za kitabu cha misimbo. Sura za mwisho zina mambo ambayo si magonjwa hasa: kukosa kazi, kugombana na majirani, kuhama.

Ghafla kaandika: Mzizi, nimekukuta kitabuni.

Wapi?

Z60.2. Kuishi peke yako.

Nikafungua. Kweli ipo. Nilicheka, halafu nikaona sicheki vizuri. Nikamuuliza, na wewe je? Akasema: mimi nina mama, nina binti, nina kuku anayetaga kwenye kapu la nguo. Namba hiyo sina sifa nayo, kaka. Nilikuwa naitamani.

Kaka. Kazini naitwa Profesa wa Mafaili. Nesi wa wodi ya wanaume ndiye aliyelianzisha, na siku nyingi ndilo neno pekee ninaloambiwa hadi saa ya kutoka. "Profesa, lete la kitanda cha saba." Napeleka. Basi.

Jumatano, 12 Machi

Tamati kanitumia kesi ya mazoezi saa ya chai. Nainakili hapa maana nimeipenda nilivyoijibu:

Mwanamke, miaka thelathini na tisa. Mgonjwa wa nje. Ana uvimbe titi la kushoto, robo ya juu, upande wa nje. Daktari ameandika: inashukiwa saratani. Kipande kimekatwa na kupelekwa maabara. Tangu mwezi jana halalii ubavu wa kushoto, anaogopa kuubonyeza.

Nikamjibu kikombe hakijapoa. C50.4. Saratani ya titi, robo ya juu ya nje. Nikaongeza: rahisi mno, lete ngumu.

Kausoma. Hajajibu.

Ijumaa, 14 Machi

Kimya. Jana nilimtumia orodha ya miisho aliyoiomba. Kaisoma, hakusema kitu. Leo asubuhi nikamuuliza kama bando limeisha. Hakusema kitu.

Nahisi nimejisifu. "Lete ngumu" — ya nini? Mtu kachukua muda wake kukutungia kesi, wewe unamwambia ni rahisi. Maji yakimwagika hayazoleki, na ujumbe ukishasomwa ndivyo hivyo hivyo.

Nesi kaniambia, Profesa, leo umenuna, umefiwa na faili? Nikatabasamu. Alikuwa keshaondoka.

Jumapili, 16 Machi

Dada kapiga. Nikamwambia niko salama.

Mtihani ni Jumamosi ijayo, kwa hiyo nikarudia sura ya kanuni. Na hapo nikaona nilichofanya Jumatano. Kanuni inasema wazi: kwa mgonjwa wa nje, kinachoshukiwa hakipewi msimbo wa kilichothibitishwa. Unaandika kinachojulikana, na hapa kinachojulikana ni uvimbe. N63, uvimbe wa titi usiobainishwa. Majibu ya maabara yalikuwa hayajatoka! Jicho langu liliona "saratani" likaruka "inashukiwa", kama ng'ombe aliyeona jani asione kamba.

Nikafurahi, kusema kweli. Nikaona hii ndiyo njia ya kumwomba radhi bila kuomba. Nikamwandikia kwa kirefu: Tamati, nilikosea, si C50.4, ni N63, soma kanuni, hatuandiki tusichokijua, safari hii umenikamata.

Akajibu papo hapo. Maandishi, si sauti:

"Asante Mzizi. Tangu Jumatano nalala na ile C yako. Leo nitajaribu kulala na N."

Nikausoma. Nikaanza kuandika kicheko. Nikakifuta.

Halalii ubavu wa kushoto.

Kesi za mkufunzi hazina ubavu wa kulalia. Zina umri, jinsia, kiungo, alichoandika daktari. Hakuna anayeogopa kitu katika kesi za mkufunzi. Jumatano niliusoma mstari ule nikadhani ni pambo.

Ni yeye.

Nami niliandika "robo ya juu, upande wa nje" kama fundi anayepima mlango. Na "rahisi mno". Na "lete ngumu".

Nimekaa na simu mkononi hadi uji ukashika chini ya sufuria. Sijaandika chochote. Sijui kinaandikwa nini.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia. Hatujawahi kupigiana, siku zote ni ujumbe. Nilitoka kazini, nikazunguka nyuma ya jengo la kufulia, mahali pasipopita mtu.

Alipopokea nikasema jina langu la kikundi. Sikuwa na lingine la kumpa. Akacheka. Nikasema, "Dada, po—"

"Usiniambie pole," akasema. "Pole ni ya kilichothibitishwa. Kanuni umeisoma mwenyewe."

Nikauliza kama nyumbani wanajua. Hawajui. Mama yake ana presha, ukimwambia unaumwa kucha anaanza kugawa nguo zako. Binti bado mdogo. Kazini wakijua watamhurumia, na akihurumiwa atalia, na akilia hatapanga mafaili.

"Sasa kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe huko uliko huna macho. Mwingine nikimwambia, akikutana nami ataanza kuniangalia hapa kabla hajanisalimia. Wewe utaniangalia wapi?"

Ni kweli, hata urefu wake siujui.

Nikamwambia nimeona haya kwa lile neno la Jumatano. Akasema: uliniudhi, ndiyo, lakini ulikuwa mtu wa kwanza kulitaja jina la ugonjwa. Daktari alizunguka kama anayetafuta choo cha ugenini. Wewe ulilitaja, ukamaliza.

Majibu yanatoka Jumanne ya wiki ijayo, siku tatu baada ya mtihani. Mtihani ataufanya. Tumekubaliana hivi: atanitumia msimbo tu, kwa sababu maneno yatamshinda. Ukianza na C, nisimpigie siku hiyo, nimwache alie kwanza. Ukianza na D — D24, uvimbe usio na madhara — nimpigie tucheke.

Nikamuuliza, na ukikosea tamati?

"Basi nitakuwa nimejiondolea tumbo," akasema. Mtoto akamwita. Akakata.

Nilibaki pale nyuma ya jengo hadi mfuaji akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano, 19 Machi

Nimesoma sura ya uvimbe yote. Haipo kwenye mtihani wangu, mimi nimechagua moyo na mapafu. Nimeisoma tu.

Leo lilikuja faili la mwanamke, uvimbe wa titi, inashukiwa. Mwenzangu wa dawati la pili, ambaye hana habari na kanuni, alikuwa anataka liingie rafu ya saratani maana huko ndiko wanakoishia. Nikalichukua mkononi mwake. Nikamwambia bado. Akasema, Profesa, nawe, faili halijui liko rafu gani.

Labda.

Jumamosi, 22 Machi

Mtihani.

Ni wa kwenye kompyuta, kila mtu kwake, na msimamizi anakutazama kupitia kamera. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba usiwe na mtu chumbani. Msimamizi, kijana mpole mwenye mafua, akaniuliza, je, uko peke yako?

Nikasema ndiyo.

Akasema samahani, tunahitaji kuthibitisha. Akaniomba niizungushe kamera. Nikaizungusha polepole: kitanda, ndoo, jiko, koti ukutani, kiti cha pili ambacho huwekwa nguo. Akaomba nioneshe chini ya kitanda. Viatu. Nyuma ya mlango. Ufagio.

"Imethibitishwa," akasema.

Sikukosa swali lolote kwa kukosa muda. Mengine tutajua.

Jioni ukaja ujumbe wa sauti wa Tamati, vyombo vinagongana kama kawaida. Yeye alipoulizwa kama yuko peke yake, kuku aliingia. Ilibidi amfukuze mbele ya kamera, na msimamizi akaandika tukio. Swali la tundu la tumbo lilikuja. "Nimemwachia tumbo lake," akasema. "Anywe chai."

Hakutaja Jumanne. Nami sikuitaja.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepanga upya mafaili yaliyokuwa yamepangwa. Kesho.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi hakuna. Nimeiweka simu juu ya dawati, uso juu, jambo ambalo bosi halipendi. Kila nesi alipoita "Profesa" niliruka.

Saa ya chakula hakuna.

Nimetoka kazini mapema kidogo, nikaja nyumbani. Nimekoga. Nikaondoa nguo kwenye kile kiti cha pili, sijui kwa nini, nikazikunja.

Ndipo ulipoingia. Herufi moja, namba mbili, kama tulivyokubaliana.

D05.

Nilipoiona ile D nilipiga kofi mezani. D! Nikaanza kutafuta jina lake nimpigie tucheke. Kisha jicho likaenda mbele, na safari hii halikuruka.

Si D24. D05 ni ile iliyokwisha anza, ila haijatoka. Ni saratani iliyokaa mahali pake, ndani ya mrija ilikozaliwa, haijavuka ukuta. Ninaijua, niliisoma Jumatano bila sababu. Kitabu kimeiweka na zile za D, lakini mwenye nayo atakatwa, na baadaye ataishi akitazamwa.

Nikajidanganya kwanza. Nikasema Tamati huyu, mwisho humponyoka, labda kakosea. Lakini ishirini na nne haifanani na sifuri tano hata kwa mtu anayeandika huku anaosha vyombo. Hajakosea. Mara hii mwisho kaupata sawasawa.

Hatukukubaliana lolote juu ya D ya namna hii. Ya C, niache nilie. Ya D, nipigie. Hii nimwambie pole, au hongera? Haijavuka, hilo ni la kushukuru. Imeanza, hilo si la kucheka. Nimejaribu kuisema kwa sauti hapa chumbani, zote mbili. Zote mbili zimesikika vibaya.

Lakini ni D. Tuliambiana D, nipigie. Nimeamua kulifuata neno lilivyo.

Nimepiga. Yule mwanamke wa kwenye mtambo akasema namba ninayoipiga inatumika kwa sasa.

Nimengoja kidogo, nikapiga tena. Inatumika.

Basi ana mtu. Labda kamwambia mama yake, naye anagawa nguo. Labda ni daktari, au dada yake, kama ana dada, sikuwahi kumuuliza. Vizuri. Asiwe peke yake, ndilo jambo. Mimi nitapiga kesho.

Nimeandika hapo juu "nitapiga kesho", ndipo nikawaza jingine. Mtu akikupigia saa ile ile unapompigia, wote wawili mnaambiwa hivyo hivyo. Inatumika.

Nimeiweka simu mezani. Siigusi.