Soli ya Mguu wa Kushoto

Kaka Aminieli,

Shikamoo. Najua hutaitikia ile marahaba yako ya kuvuta, kama mtu anayeamka usingizini, lakini sijui kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Ni mimi Elinsia, dada yako. Nimekaa jikoni kwa mkeo Ruthi, nje kuna ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye migomba, na mabuti yangu yako hapa miguuni pangu, yamekauka, yamepakwa mafuta. Ningependa uyaone.

Masika haya buti la kushoto lilinifia njiani. Nilikuwa napandisha kutoka mtoni na mkungu wa ndizi kichwani, udongo unateleza kama ujuavyo kijiji chetu cha Poli kinavyokuwa mvua ikishika, mara nikasikia soli inaachama mbele, inakula matope. Nikatua mzigo, nikakaa kwenye majani, nikalia. Watu waliopita walifikiri nimeumia. Sikuumia. Nililia kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshaanza kulivua buti ili nililete kwako mjini, ndipo nikakumbuka.

Kaka, sijawahi kukushukuru sawasawa. Ulikuwa mtu wa kukimbia shukrani. Mtu akianza tu, wewe unaangalia viatu vyake. Leo huwezi kukimbia, kwa hiyo sikiliza.

Baba alipofariki, wewe ulikuwa umerudi kutoka vitani Bama muda si mrefu, bado unavaa koti la jeshi. Ukoo ulikaa nyumbani kuzungumza habari ya shamba. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na mguu wangu huu uliovunjika utotoni ukaunga vibaya, ukabaki mfupi. Baba mdogo Zefania hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kabisa kwamba nihamie kwake, nikae na shangazi, nisaidie kupepeta maharage, na kahawa ya baba wailime wanawe. Alisema, "Mlima huu unawashinda wenye miguu miwili. Huyu mtoto tumtese kwa nini?" Wazee wakaitikia. Hata mama aliitikia, kwa sauti ndogo.

Wewe peke yako hukuitikia. Watu walipoanza kutafuta fimbo zao waondoke, ndipo ukasema, "Ngojeni masika yapite. Asipoweza, nitamleta kwako mwenyewe, Baba mdogo."

Sikukuelewa. Nilikuona kama mtu anayenisogezea aibu tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakubali maharage.

Ukaenda mjini kwenye kibaraza chako pale mbele ya duka la Mhindi, karibu na soko, ulikokuwa unashona viatu. Kazi hiyo ulijifunza jeshini, ambako mabuti ya wenzako yalikuwa yanaoza kwa mvua za msituni. Uliporudi ulikuwa na mabuti ya askari, makubwa, meusi, na la kushoto lilikuwa na soli nene kama tofali. Ulikuwa umepanga vipande vya mpira wa gari, kimoja juu ya kingine, na misumari. Uliniambia, "Vaa, tembea." Nilitembea Jumapili ile kwenda kanisani, watu wote wanatazama msichana aliyevaa mabuti ya kiume, na pale kwenye ngazi za kanisa buti likanivuta kwa uzito wake nikaanguka kifudifudi. Vijana walicheka. Nilikutupia buti lako nikasema sitalivaa tena, mguu wangu ni mbovu, basi.

Hukunibembeleza. Uliliokota, ukalipindua, ukakaa unatazama matope yaliyogandamana chini. Halafu ukasema neno ambalo nimeishi nalo tangu siku ile: "Kosa ni la kiatu, Elinsia. Si la mguu."

Sijui kama ulijua umenipa nini. Tangu nivunjike, kila mtu alikuwa amenihurumia, na hakuna aliyewahi kunivua lawama.

Ukamwaga maji uani, ukaniambia nipite peku kwenye matope, niende na kurudi. Ulichuchumaa ukapima nyayo zangu kwa kijiti, ukitazama ninapokanyaga sana na ninapogusa kidogo tu. Mama alikuuliza kama umerogwa huko Bama. Ukakata kipande kikavu cha mringaringa, ule mti mwepesi wanaochongea mizinga ya nyuki, ukakichonga, ukatoboa katikati ili kipungue uzito. Juu yake ukaweka ngozi, chini ngozi tena, na mwisho mpira mwembamba wa kushika ardhi. Mbele ukakichonga kwa kuinamisha kidogo ili mguu ujiviringishe wenyewe kwenda mbele. Nilipolivaa mara ya kwanza nilisimama. Nasema nilisimama, kaka. Mabega yangu yalikuwa sawasawa. Mama aliingia ndani akafunga mlango, na tukamsikia akilia.

Masika yale nililima. Nilipogoa, nilipalilia, nilibeba samadi. Nilianguka pia, lakini kama wanavyoanguka watu wote. Na msimu wa kuchuma ulipofika nilijitwisha kahawa yangu nikaishusha kwa mguu mpaka kwenye chama cha ushirika, na Baba mdogo Zefania alikuwa pale kwenye foleni. Alinitazama toka kichwani mpaka kwenye mabuti. Akasema mbele ya watu, "Basi, shamba lina mwenyewe." Hajalitaja tena jambo lile. Mwaka uliofuata alikuletea mabuti yake mwenyewe uyabadilishe soli, na ukamfanyia vizuri kuliko alivyostahili, au pengine kama alivyostahili tu. Wewe hukujua kufanya kazi ya namna mbili.

Hilo ndilo nililokuwa napenda nikija mjini kukaa nawe kibarazani. Mchoma mkaa wa Olasiti alileta mabuti yaliyofungwa kwa kamba, msimamizi wa kizungu wa shamba la kahawa akaleta yake ya kung'aa, na yote uliyashika kwa mikono ile ile. Unalivisha buti kwenye kile chuma chako chenye umbo la mguu. Unang'oa soli ya zamani polepole, unachomoa misumari mmoja mmoja, unanyoosha ile iliyo mizima. Unasafisha mshono wa zamani mpaka ngozi inaonekana. Halafu uzi wa katani, unausugua kwa nta mpaka unalia, na sindano mbili, moja kutoka huku na nyingine kutoka kule, zinapishana katika tundu moja. Hukuwahi kutoboa matundu mapya kama ya zamani yalifaa. Ulisema ngozi ina uvumilivu, lakini uvumilivu wake una mwisho.

Na kelele zako juu ya utunzaji! Mpaka leo nikiona mtu anaanika mabuti juu ya mafiga natetemeka. "Moto unaua ngozi kuliko mawe." Uoshe tope siku hiyo hiyo, ujaze ndani majani makavu ya mgomba, ulaze pembeni penye upepo, na yakikauka upake mafuta ya kondoo yaliyopashwa kidogo, uingize kwa kidole mpaka kwenye mishono. Wateja wengine walikukimbia kwa sababu ya mahubiri hayo. Wengi walirudi.

Sasa niseme habari ya kipupwe cha mwaka jana. Ulianza kukohoa, ukasema ni baridi tu. Ruthi alitaka uende hospitali ya misheni, ukasema umalize kwanza mabuti ya vibarua wa Kisongo, maana watu hawawezi kwenda kazini peku. Ulipokwenda, homa ilikuwa imeshakaa mapafuni. Ah, kaka. Hilo tu ndilo ninalokulaumu, na hata hilo sijui nikulaumu au nikusifu.

Tulikuzika mgombani kwa baba. Kulikuwa na manyunyu, na kile kinjia ni chembamba, kinateleza. Akina mama walitaka kunishika huku na huku. Nikawaambia waniache. Nilitembea nyuma ya jeneza lako toka barabarani mpaka kaburini, na sikuteleza hata mahali pamoja.

Basi, soli ilipoachama masika haya nililipeleka buti kwa fundi mmoja wa mjini. Ni fundi mzuri, mtu wa heshima, alilifanyia haraka. Lakini aliona ile mbele iliyoinama akadhani imelika, akaisawazisha. Nilitembea kutoka mjini mpaka Tengeru, na hapo nyonga ikawa inawaka moto. Nilifika nyumbani nimeegemea fimbo. Baba mdogo Zefania aliniona nikipita, akavua kofia. Usiku ule moyo uliniuma kuliko nyonga.

Asubuhi nikaja kwa Ruthi kuomba sanduku lako la vifaa. Nilidhani atasita. Alilivuta chini ya kitanda akasema, "Chukua, wifi. Aminieli hakupenda chuma kiote kutu." Nikakaa mlangoni na koleo lako, nikaanza kung'oa.

Ndipo nikaona kazi yako, kaka.

Nilidhani ndani nitakuta kile kipande cha mringaringa ulichochonga mwanzo, kizima. Nilikuta kimenyolewa upande wa ndani, kikaongezwa ngozi upande wa nje, kikanyolewa tena, kikaongezwa tena, tabaka jembamba juu ya tabaka. Kila nilipokuletea buti ubadilishe soli, ulikuwa unalirekebisha liufuate mwili wangu. Nilipokomaa nyonga ukashusha kidogo. Nilipoanza kubeba mizigo mizito ukaongeza kisigino. Hukuniambia hata mara moja. Na mimi, miaka yote hiyo, nilikuwa najisifu kwa mama kwamba nimejifunza kutembea vizuri! Wewe ulikuwa unanisikia, unatabasamu, unavuta uzi wako.

Nililia tena, lakini hicho kilikuwa kilio kingine, mpaka Ruthi akaja kuniangalia na tukaishia kucheka sote wawili.

Nikamwaga maji uani. Nikapita, nikatazama nyayo zangu mwenyewe. Soli yangu ya kwanza ilikuwa mbaya, ilikaa upande kama mlevi. Niliifumua. Ya pili mishono yake imepinda, ungeiona ungekohoa kile kikohozi chako cha heshima, lakini ile mbele imeinama inavyotakiwa, na matundu mengi ni yale yale ya kwako. Nimelima nayo. Nyonga imenyamaza.

Sasa habari kubwa, ambayo nimeiacha makusudi mpaka mwisho. Ulipokufa, Ruthi alikuwa na mimba changa, hata yeye hakuwa na hakika. Umepata binti. Ana paji la uso lako, pana, la mtu anayefikiri. Jumapili iliyopita amebatizwa, na mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Mvua ilikuwa imenyesha, njia nzima ni tope. Unajua kwamba maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunipa mtoto wa kumbeba njiani. Sikuwalaumu, nami nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Ruthi mwenyewe alimfunga mgongoni kwangu, akakaza kanga, akaangalia mabuti, akasema, "Twende." Akatangulia mbele. Hakugeuka nyuma hata mara moja kuangalia kama tunafuata.

Tulifika, kaka. Alikuwa amelala.

Nakuahidi hivi: nitambeba mpaka atakapokataa kubebwa. Na shamba la Ruthi nitalilima pamoja na langu mpaka binti yako apate nguvu, na hakuna kikao cha ukoo kitakachokaa juu ya shamba hilo bila mimi kuwa ndani, mbele, si nyuma ya mlango.

Kwaheri, fundi wangu. Pumzisha mikono.

Mdogo wako,
Elinsia